Mekatilili wa Menza na msitu uliolipuliwa kwa baruti

Mwezi Agosti 1914 maofisa wa Kiingereza waliingia Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama katika eneo la Kilifi, pwani ya Kenya. Waliilipua kwa baruti, wakachoma nyumba na miti, kisha wakaziba lango. Mtu waliyekuwa wakimwandama ni mjane mmoja, Mekatilili wa Menza.

Kwa nini msitu? Kaya haikuwa pori tu. Mababu waliishi humo, na humo ndimo lilimozikwa fingo, kinga ya kabila zima. Hata baada ya watu wengi kuhamia mashambani, sheria zake zilibaki: mti mbichi haukatwi, mifugo haichungwi ndani. Hakukuwa na askari wa misitu. Aliyekosa alitoa kuku au mbuzi, wazee wakaitakasa kaya.

Serikali ya kikoloni iliwaweka wakuu wake yenyewe, na neno la wazee likapungua uzito. Mwaka 1912 akaja ofisa Arthur Champion, akidai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Mekatilili, ambaye inasimuliwa kaka yake alitekwa na wauza watumwa, aliliona jambo hilo kuwa ni lile lile.

Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Mwaka 1913 aliwakusanya Kaya Fungo. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume cha fisi: hakuna kodi, hakuna kibarua.

Alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, magharibi kabisa mwa nchi. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu! Alikamatwa tena Agosti, vita vikaanza, na Wagiriama wakatozwa faini nzito na kufukuzwa kaskazini mwa mto Sabaki. Mekatilili alirudi nyumbani 1919, akafariki miaka ya 1920.

Baruti ilizimika siku ile ile, lakini heshima ya wazee iliendelea kumomonyoka, na kaya nyingi za Wamijikenda zikaanza kukatwa mbao na kugeuzwa mashamba. Ni mwaka 1992 tu ndipo serikali ya Kenya ilipoanza kuzilinda kama kumbukumbu za taifa. Kaya ya Wagiriama ni miongoni mwa zilizotangazwa na UNESCO urithi wa dunia mwaka 2008.