Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 4: Enzi za Muhammad Ali zilikuwa lini?



Leo ni funga ya nne. Kuna ubishi ambao hauishi barazani watu wakishatoka kwenye tarawehe na kahawa imeshamiminwa: bondia Muhammad Ali, enzi zake hasa zilikuwa lini? Kijana atakwambia 1974, usiku ule wa Kinshasa. Mzee wa pembeni atatikisa kichwa na kusema wewe humjui Ali, Ali alikuwa wa 1966. Utasema hayo ni maneno ya michezo tu, yana nini na Ramadhani? Subiri kidogo. Twende nalo swali hili mpaka mwisho, utaona linakugeukia wewe.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, akapewa jina la Cassius Clay. Akiwa na miaka 12 aliibiwa baiskeli. Alikwenda kushtaki huku akiapa kumpiga mwizi, na polisi aliyemsikiliza, Joe Martin, alikuwa pia mwalimu wa ngumi. Akamshauri ajifunze kwanza kupigana. Hivyo ndivyo alivyoingia ulingoni. Mwaka 1960 alileta nyumbani medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma. Tarehe 25 Februari 1964, akiwa na miaka 22, alimshinda Sonny Liston, mtu aliyekuwa akiogopwa na kila bondia, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mara tu baada ya hapo akatangaza dini yake mpya, na punde akaitwa Muhammad Ali.

Hapa tuseme ukweli bila kupaka rangi. Jumuiya aliyoingia, Nation of Islam, ilikuwa na itikadi zisizolingana na Uislamu tunaoujua. Lakini Allah humwongoza mja hatua kwa hatua. Mwaka 1972 Ali alihiji Makka, na kuanzia 1975, baada ya Elijah Muhammad kufariki, alimfuata Warith Deen Mohammed katika njia ya Sunna, akabaki humo mpaka mwisho wa uhai wake.

Sasa turudi kwenye swali. Ukitaka kujua enzi za bondia mzito, usihesabu mikanda. Mkanda unaweza kuupata siku mpinzani wako amechoka. Angalia miguu yake, angalia macho yake, kisha hesabu ngumi zinazomfikia. Mabondia wa uzito wa juu kwa kawaida husimama na kubadilishana makonde. Ali alikuwa akizunguka ulingo kama mtu mwepesi, mikono ameiteremsha, anarudisha kichwa nyuma na ngumi inapita mbele ya pua. Tarehe 14 Novemba 1966, huko Houston, alimmaliza Cleveland Williams katika raundi ya tatu, na yeye mwenyewe karibu hakuguswa. Ni kweli Williams alikuwa amepigwa risasi miaka miwili kabla na hakuwa tena yule wa zamani. Lakini anayetazama pambano lile hamwangalii Williams. Anaangalia kasi ya yule mwingine. Tarehe 22 Machi 1967 akamwangusha Zora Folley katika raundi ya saba. Hesabu yake ikawa mapambano 29, ushindi 29, na umri miaka 25.

Kwa hiyo mzee wa barazani ana hoja. Kama ni bondia tunayempima, kilele chake kilikuwa 1966 na mwanzo wa 1967.

Halafu tazama kilichofuata. Tarehe 28 Aprili 1967 aliitwa kujiunga na jeshi, wakati Marekani ikipigana Vietnam. Jina lake likasomwa, hakusogea. Alisema dini yake haimruhusu kwenda kupigana vita ile. Wakamvua ubingwa, wakamfungia leseni, wakamnyang'anya pasipoti, na mwezi Juni mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Alibaki nje kwa rufaa, lakini ulingo ulifungwa. Hakupigana tena mpaka tarehe 26 Oktoba 1970.

Hesabu mwenyewe: miaka mitatu na nusu, kutoka miaka 25 hadi 28. Ndiyo miaka ambayo mwili wa bondia umekomaa na haujaanza kuchoka. Kwa hiyo jibu kamili la ule ubishi ni kwamba enzi bora za Ali hakuna aliyeziona. Hazimo kwenye filamu yoyote. Alizitoa. Na wakati anazitoa hakuwa na uhakika wa kurudishiwa kitu. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu ile tarehe 28 Juni 1971, majaji 8 kwa 0. Mwaka 1967 hilo hakulijua. Alijua jela tu.

Na yule kijana wa 1974, naye tumsikilize. Ali alirudi na miguu mizito kidogo. Machi 1971 Joe Frazier alimpa kipigo cha kwanza katika ngumi za kulipwa. Lakini tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, akiwa na miaka 32, alikutana na George Foreman mwenye miaka 25, aliyeshinda mapambano 40 yote, 37 kati ya hayo kwa KO. Ali akaegemea kamba, akajikunja, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikamwishia nguvu katika joto lile. Raundi ya 8 akamwangusha. Ilikuwa akili na subira ya hali ya juu. Lakini kumbuka, alitumia akili kwa sababu miguu ilikuwa haimtoshi tena. Na ngumi zilizokuwa zikimkosa mwaka 1966, sasa zilikuwa zinafika. Zilifika mbavuni, zilifika kichwani, na mwili uliziweka akiba.

Kosa lake kubwa lilikuja baadaye: hakujua kuondoka. Mwaka 1975 huko Manila yeye na Frazier waliumizana vibaya mno. Mwaka 1977 daktari wake, Ferdie Pacheco, alimsihi aache, na aliposhindwa kumshawishi akajiondoa mwenyewe. Mwaka 1978 alipoteza ubingwa kwa Leon Spinks kisha akaurudisha, mara ya tatu, na hapo palikuwa pazuri pa kuagia. Februari 1980 alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kumwona. Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 38, alisimama mbele ya Larry Holmes na akapigwa mpaka kona yake ikalisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Mwaka uliofuata akapoteza tena, kwa Trevor Berbick. Mwaka 1984 madaktari wakamwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono ikaanza kutetemeka, na ule ulimi uliokuwa hauchoki ukapunguza maneno.

Ndugu yangu, hapa ndipo swali linapokugeukia. Enzi za mtu huonekana zikishapita. Aliye ndani yake hudhani ni hali ya kawaida tu, itakuwepo na kesho. Qur'ani katika Suratur Rum inatukumbusha kuwa tumeumbwa katika udhaifu, kisha tukapewa nguvu, kisha udhaifu na mvi. Na Mtume (SAW) alituusia tuuwahi ujana kabla ya uzee, na afya kabla ya maradhi. Maneno haya tunayajua wote. Kuyapima kwenye miili yetu ndiyo kazi.

Wewe uliye na miaka 25, unafunga mchana kutwa na usiku unasimama rakaa zote bila goti kuuma. Unasema Qur'ani utaihitimisha ukishatulia kimaisha. Hivi unadhani kutulia kutakuja na magoti hayohayo? Na wewe uliyeshika uongozi, wa duka, wa ofisi, hata wa kamati ya msikiti, miaka mingi umefanya vizuri, Allah akulipe. Je, kama Pacheco wako amekuja kukunong'oneza kuwa inatosha, umemsikiliza?

Kuna jambo moja zaidi. Tunapotoa sadaka, tunajijua. Shati lililopauka ndilo tunalolitoa, na kwenye kapu la maembe tunachagua yaliyoanza kulainika. Na Qur'ani inatufundisha kuwa hatuufikii wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda. Ali alitoa mwaka 1967, jua likiwa utosini. Angengoja 1981 akaseme anaacha ngumi kwa ajili ya dini, nani angemshangaa? Ndiyo maana, kwangu mimi, miaka ile ambayo hakurusha ngumi hata moja ina uzito kuliko usiku wa Kinshasa.

Na hata nguvu zilipoondoka, hakukaa bure. Novemba 1990, tayari mgonjwa, alikwenda Baghdad na kurudi na Wamarekani 15 waliokuwa mateka. Walipompa nyota kwenye njia ya watu mashuhuri Hollywood, aliomba isiwekwe chini, kwa kuwa jina la Muhammad halifai kukanyagwa. Mpaka leo nyota hiyo iko ukutani.

Alifariki tarehe 3 Juni 2016, akiwa na miaka 74, siku chache kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Aliswaliwa Alhamisi ya tarehe 9 Juni, watu wakiwa na funga zao, hukohuko Louisville, katika eneo moja na ukumbi wa Freedom Hall alimopigana pambano lake la kwanza la kulipwa mwaka 1960. Maelfu walisimama safu.

Leo kabla ya futari, kaa dakika tano peke yako. Jiulize ni kitu gani Allah amekupa ambacho sasa hivi kiko kwenye ubora wake: macho, sauti, mshahara, mguu mzima, wazazi walio hai. Kisha toa sehemu yake leo, kingali kizuri.

Ewe Mola wetu, msamehe Muhammad Ali na waja wako wote waliotutangulia. Tujaalie tuzijue siku zetu za nguvu tukiwa tungali ndani yake, na utupe mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako.