Xuanzang: Alimshinda mtu kwenye mdahalo, kisha akaomba amfundishe

Karne ya saba, kwenye chuo cha watawa wa Kibudha cha Nalanda, India. Msomi mmoja wa kundi pinzani anafika langoni na kubandika hoja 40. Anatangaza kwamba ikivunjwa hata moja, kichwa chake kikatwe.

Siku zinapita, kimya. Mwisho mtawa mgeni kutoka China anaagiza tangazo lile liondolewe. Yuko tayari kubishana.

Huyo ni Xuanzang.

Alitoroka kwao

Alizaliwa China mwaka 602 hivi. Akiwa kijana alisoma kwa walimu wengi, lakini kila mmoja alisema lake kuhusu akili ya binadamu na ulimwengu tunaouona. Tafsiri za vitabu nazo ziligongana. Akaona dawa ni moja tu: kwenda India kusoma maandiko yenyewe.

Serikali ilikuwa imekataza watu kuvuka mpaka. Mwaka 629 hivi akaondoka kwa siri. Jangwani maji yake yalimwagika, akakaa siku kadhaa bila tone mdomoni, nusura afe.

Chuo cha wabishi

Nalanda haikuwa ya kuingia tu. Xuanzang mwenyewe aliandika kwamba wageni waliulizwa maswali magumu langoni, na katika kila 10, saba au wanane walirudi walikotoka. Yeye alipokelewa, akawa mwanafunzi wa mzee Shilabhadra, mkuu wa chuo.

Sasa turudi kwa yule wa hoja 40. Kwa mujibu wa wasifu ulioandikwa na wanafunzi wa Xuanzang, walibishana mbele ya mashahidi hadi jamaa akaishiwa maneno. Akakubali ameshindwa, akataka ahadi itimizwe. Xuanzang akakataa kumuua mtu, akamfanya mtumishi wake.

Somo la usiku

Baadaye ukaja mtihani mwingine: kitabu cha beti 700 kilichoshambulia Mahayana, tawi la Ubudha ambalo Xuanzang alilifuata. Alitakiwa kukijibu, lakini kuna sehemu hakuzielewa.

Akamuuliza mtumishi wake kama anakijua. Kumbe alishakisikia kikifundishwa mara tano! Xuanzang akamwomba amweleze. Jamaa akasita: mtumwa amfundishe bwana wake? Akashauri wasubiri usiku, watu wasije wakamwona bwana akisomeshwa na mtumishi.

Basi usiku aliyeshindwa akawa mwalimu, na mshindi akawa mwanafunzi. Baada ya hapo Xuanzang aliandika jibu la beti 1,600, akamwachia huru yule mtu.

Siku 18 bila mpinzani

Aliyeachiwa akaenda Kamarupa, mashariki mwa India, akamsimulia mfalme wa huko habari za mtawa huyo. Mfalme akamwita Xuanzang. Harsha, mfalme mwenye nguvu zaidi kaskazini mwa India, aliposikia, naye akamtaka. Akaitisha mkutano mkubwa mjini Kannauj, wakafika wafalme na maelfu ya wasomi wa dini mbalimbali.

Safari hii Xuanzang ndiye aliyeweka kichwa chake rehani. Lakini fununu zikaenea kwamba kuna watu wanataka kumdhuru. Harsha akatoa onyo: atakayemgusa atakatwa kichwa, atakayemtukana atakatwa ulimi. Wenye hoja za kweli waliruhusiwa kusema.

Siku 18 zikapita, hakuna aliyesimama. Xuanzang akatangazwa mshindi.

Lakini hebu jiulize: walikosa hoja, au waliogopa upanga? Hakuna anayeweza kujua. Ndiyo maana ule usiku wa Nalanda una uzito kuliko siku zote 18. Kule hakukuwa na mfalme wala vitisho, kulikuwa na mtu aliyekubali kwamba hajui, na mwingine aliyejua.

Alichoacha

Alirudi China mwaka 645 na maandiko 657. Mfalme Taizong, ambaye amri yake ilivunjwa, alimpokea kwa heshima na kumpa cheo. Xuanzang akakataa cheo, akachagua kutafsiri. Hadi kifo chake mwaka 664, yeye na wasaidizi wake walikuwa wametafsiri vitabu zaidi ya 70.

Kitabu chake cha safari kilisaidia watafiti wa karne ya 19 kutambua magofu ya Nalanda.

Na yule mwalimu wake wa usiku? Wasifu unasimulia habari zake zote hizo, lakini haukutaja jina lake.