Ephraim Amu (1899–1995): Mwalimu wa Walimu Aliyeingiza Ngoma na Filimbi Darasani

Mwaka 1933 Kamati ya Sinodi ya Kanisa la Kipresbiteri la Gold Coast, nchi iliyopata uhuru mwaka 1957 kwa jina la Ghana, ilimwondoa kazini mwalimu wa muziki wa Chuo cha Ualimu cha Akropong. Mwalimu huyo hakushitakiwa kwa ulevi wala kwa mafundisho potofu. Alikuwa amepanda mimbarani kuhubiri akiwa amejifunga lubega, vazi la watu wa kwao, badala ya suti. Tena alikuwa akiwazoeza wanachuo kupiga ngoma na filimbi za mianzi. Jina lake lilikuwa Ephraim Amu. Hoja iliyomgharimu kazi yake ndiyo iliyokuja kusumbua sharika nyingi za Kilutheri za Tanganyika pia, wazee walipoketi kuamua kama ngoma yaweza kuingia katika nyumba ya Bwana.

Amu alizaliwa tarehe 13 Septemba 1899 huko Peki-Avetile, katika nchi ya Waewe. Peki ndipo Shirika la Misioni la Bremen, lililowaunganisha Walutheri na Wakalvini wa kaskazini mwa Ujerumani, lilipoanza kazi yake kati ya Waewe mwaka 1847. Baba yake alikuwa mchonga mbao, na kabla ya kubatizwa alifahamika kwa kuimba na kupiga ngoma. Mkristo wa siku zile alitazamiwa kuachana na mambo hayo. Kwa hiyo mtoto alikua akisikia kinanda kanisani na ngoma kwa mbali, na hakuna aliyemwambia kwamba viwili hivyo vingeweza kukutana.

Akiwa mwanafunzi alivutwa na kinanda cha shule, akajipatia masomo kwa kulima shamba la mwalimu wake. Mwaka 1916 aliingia Seminari ya Abetifi kusomea ualimu. Huko vita vilimkuta: wamisionari wa Basel waliondolewa na serikali ya Kiingereza, na Wapresbiteri wa Scotland wakashika kazi yao, kama vile wamisionari wa Leipzig walivyoondolewa Kilimanjaro mwaka 1920. Mwaka huo wa 1920 Amu alianza kufundisha kwao Peki. Jioni, baada ya kazi, alijifunza kanuni za upatanifu wa sauti kwa mchungaji mmoja wa Kimethodisti, akawa anatunga nyimbo kwa mtindo wa Kizungu, na kwa mtindo huo alikuwa hodari.

Mwaka 1926 alihamishiwa Akropong. Chuo hicho kilianzishwa na Wabasel mwaka 1848, na wahitimu wake walikuwa walimu na wainjilisti kwa pamoja: siku za juma walishika chaki, Jumapili waliongoza ibada. Wimbo aliofundishwa mwanachuo mmoja ulifika kwa watoto wa kijiji kizima na kwa wazazi wao. Kwa sababu hiyo kilichoimbwa Akropong hakikuwa jambo dogo, na wakubwa wa Kanisa walilijua hilo kama Amu alivyolijua.

Hapo ndipo Amu alipotambua kasoro ambayo wengi walikuwa wameizoea. Kiewe na Kitwi ni lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Katika Kitwi neno papa laweza kumaanisha baba, au wema, au upepeo, kufuatana na sauti inavyokwenda. Msomaji wa Kiswahili aweza kuonja jambo hili akifikiri barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa, zinazotofautiana kwa mkazo tu. Ila katika lugha zile mambo ya namna hiyo hujaa katika kila sentensi. Tenzi za Ulaya zilikuwa zimefasiriwa na kupachikwa juu ya tuni zake za asili, na tuni ilipopanda pale ambapo neno lilitaka kushuka, waumini waliimba maneno ambayo pengine hayakuwa na maana yoyote. Waliimba kwa bidii hata hivyo. Wazungumzaji wa Kichagga au Kihaya, ambazo nazo ni lugha za namna hiyo, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Amu aliazimu kutunga nyimbo ambazo tuni yake ingeyafuata maneno yanavyosemwa. Kisha akakutana na ugumu wa pili, yaani mapigo. Alipojaribu kuandika kwa noti mapigo aliyoyasikia mtaani, hayakukubali kukaa katika vipimo vya vitabu vya Kizungu, kwa kuwa mkono mmoja wapiga mbili pale ambapo mwingine wapiga tatu. Basi mwalimu mwenye vyeti alikwenda kuketi miguuni pa wazee wajuzi wa mji, wasiojua kusoma, awe mwanafunzi wao. Huenda hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote katika maisha yake. Aliyoyapata aliyapeleka darasani, yakawa masomo: wanachuo walijifunza kuimba, kupiga na pia kutengeneza ala zenyewe, hasa filimbi ya mwanzi iitwayo atenteben. Mwanzi haukununuliwa, mwalimu aliyepangiwa shule maskini aliweza kuukata porini.

Wimbo wake wa nchi, Yen Ara Asaase Ni, aliutunga kwanza kwa Kiewe mwaka 1929, ukapata maneno ya Kitwi baadaye. Ndio uliosambaa kuliko zote.

Haki yadai isemwe kwamba waliompinga hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa wamelipa gharama ya kuacha matambiko, na kwao ngoma ilikuwa sauti ya matambiko hayo. Wazazi nao walikuwa wamepeleka watoto chuoni ili wajifunze mambo mapya, si ya shambani. Amu aliona ya kwamba ngoma ni mti na ngozi, na kwamba Injili haikudai mtu abadili vazi lake. Aliitwa akaonywa, hakubadilika. Alipoondolewa hakuhama Kanisa wala hakuanzisha lake. Laiti angefanya hivyo, wengi wangemfuata.

Mwaka 1934 alipokelewa na Chuo cha Achimota karibu na Accra. Kuanzia 1937 hadi 1941 alisoma katika Chuo cha Kifalme cha Muziki, London, na waliodhani kwamba alichukia muziki wa Ulaya walipaswa kushangaa kumwona akirudi na elimu zaidi ya kuunganisha sauti, akaitia katika tungo zake za Kiafrika. Achimota alilea walimu wa muziki, kisha mwaka 1952 mafunzo ya ualimu yakahamia chuo kipya cha Kumasi, naye akaenda nayo. Kuanzia mwaka 1962 alifundisha Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kilichomtunuku shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1965. Alistaafu mwaka 1971.

Miongoni mwa vijana waliopita Akropong baada yake alikuwamo J. H. Kwabena Nketia, aliyezikuta nyimbo za Amu chuoni ingawa mwenyewe alikuwa ameondoka. Alipomwendea kuomba ushauri, Amu alimwelekeza kwa wazee wale wale wa vijijini. Kitabu cha Nketia juu ya muziki wa Afrika, kilichotoka mwaka 1974, kilitumika kufundishia katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Kwa njia hiyo darasa lililofungwa mwaka 1933 likawafikia walimu wasiopata kamwe kuiona Ghana. Tanzania nayo, katika miaka ya 1960, Howard Olson wa Makumira alikusanya tuni za makabila na kuzipa maneno ya Kikristo ili ziimbwe sharikani.

Ephraim Amu alifariki tarehe 2 Januari 1995, akiwa na umri wa miaka 95. Mwaka 2002 sura yake iliwekwa katika noti ya sedi 20,000 ya Ghana. Filimbi ya mwanzi ilikuwa imekwisha kuwa ala ya kawaida katika shule za nchi hiyo, na nyimbo zake ziliimbwa makanisani, yakiwamo ya Kipresbiteri.