Tulimsahau Mboya bwana afya

Majuzi, siku ya Jumamosi, dada yangu alinijia nyumbani hapa Ruiru akiwa ameandamana na mwanawe. Hawakuja kunywa chai. Kijana anatakiwa achague njia atakayoifuata katika sekondari ya juu, na mama na mwana hawasikilizani. Mtaala huu wa umilisi umeweka njia tatu: ya Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ya Sayansi za Jamii, na ya Sanaa na Michezo. Kijana ameishika njia ya kwanza, na ndani yake anataka masomo ya umeme na ufundi wa vyuma. Mama yake anataka wakili. Neno fundi likitamkwa hukunja uso kana kwamba mwanawe ametaja gereza.

Niliombwa, kama mjomba, nimkanye kijana. Ndugu msomaji, sikuweza. Sababu moja nitaieleza baadaye, kwa kuwa ni aibu yangu mwenyewe. Sababu ya pili ni mtu mmoja aliyezaliwa si mbali na hapa, ambaye Wakenya wote wanalijua jina lake lakini wachache wanakumbuka alianzia wapi. Badala ya kumkanya mpwa wangu, niliwasimulia wote wawili habari za Tom Mboya.

Thomas Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, upande wa mashariki wa mji wa Thika, katika shamba la mkonge lililokuwa mali ya tajiri William Northrup McMillan. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa wenyeji wa Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Kazi ndiyo iliyowaleta huku, kama ilivyowaleta maelfu ya watu wengine kutoka kila pembe ya nchi. Mzee Ndiege alikata mkonge, na baadaye akapandishwa cheo akawa nyapara. Mtoto alikua akiyasikia mazungumzo ya kambi ya vibarua: Kijaluo nyumbani, Kikamba na Kiswahili nje. Huenda lugha hizo ndizo zilizomwandaa kuzungumza na Mkenya yeyote bila kigugumizi.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Kabaa, upande wa Ukambani, kisha akapelekwa Yala, shule ya St. Mary's, mwaka wa 1942. Mwaka wa 1946 alirejea pande zetu, akajiunga na Holy Ghost College, Mang'u, shule ambayo katika miaka ya 1970 ilihamia mahali ilipo sasa karibu na Thika, na ambayo hadi leo wazazi hujivunia mno mwana wao akiitwa huko. Mboya alifanya mtihani wake mwaka wa 1947 akafaulu. Kwa akili zake angeendelea hadi cheti cha Cambridge, na kutoka hapo pengine Makerere. Lakini ujira wa nyapara wa mkonge haukuweza kubeba safari hiyo, na nyumbani kulikuwa na wadogo zake waliongoja zamu yao.

Hapo ndipo njia yake ilipogeuka. Mwaka wa 1948 kijana huyu aliingia katika chuo cha kufundisha wakaguzi wa afya mjini Nairobi, chini ya Royal Sanitary Institute, na sehemu ya mafunzo yake akaipata Jeanes School kule Kabete. Kwa lugha ya mitaani, alisomea ubwana afya. Hii ni kazi ya kukagua vyoo na mitaro, vyumba vya kupanga, hoteli, vichinjio na maziwa yanayouzwa mjini. Ni kazi ya kunusa uvundo ili wengine wasiunuse. Wanafunzi wenzake walimchagua kuwa rais wa baraza lao, na mwaka wa 1950 akahitimu.

Mwaka uliofuata Baraza la Jiji la Nairobi lilimwajiri. Aliifanya kazi ile ile aliyoifanya mkaguzi wa Kizungu, kwa sheria zile zile, lakini mshahara wake ulikuwa kama sehemu moja kwa tano ya ule wa mwenzake. Siku moja alipokuwa peke yake katika maabara, mwanamke wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akaangaza macho huku na huku, kisha akauliza kama mle ndani mlikuwa na mtu. Mboya alimwuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake, Freedom and After, kilichotoka mwaka wa 1963. Ukikitafakari utaona kwamba yule mama hakumdharau Mboya kwa rangi peke yake. Hakuweza kufikiri kwamba Mwafrika anaweza kuwa na ujuzi.

Mboya hakuitupa kazi yake kwa hasira, bali aliwakusanya wafanyakazi wenzake wa Baraza. Chama chao cha wafanyakazi Waafrika kikageuka, mwaka wa 1952, kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Oktoba mwaka huo hali ya hatari ikatangazwa, na mwaka wa 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Viongozi wengi wa siasa walikuwa kizuizini, na vyama vya wafanyakazi vikabaki miongoni mwa vinywa vichache ambavyo Mwafrika angeweza kusemea. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 23, Mboya alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Mwaka wa 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye ndiye aliyekwenda kuwatetea na kusaidia kupata suluhu.

Baada ya hayo vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vilimdhamini kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka wa 1955 hadi 1956. Naomba msomaji akitie alama chuo hiki. Ruskin kilianzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi: wachimba migodi, watu wa reli, watu wa viwandani, waliotoka shuleni mapema kwa sababu ya umaskini. Hakikumwuliza bwana afya wa Nairobi kwa nini hakumaliza Cambridge. Kilimfungulia mlango. Aliporudi, Machi 1957, wapiga kura wa Nairobi walimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka wa 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, akiwa na miaka 28.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka wa 1959 alisafirisha wanafunzi 81 kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani, na katika miaka iliyofuata mamia wakawafuata, akiwemo Wangari Maathai mwaka wa 1960. Alikuwa Waziri wa Leba mwaka wa 1962, wakati waajiri, wafanyakazi na serikali walipotia sahihi Mkataba wa Uhusiano Viwandani. Akawa Waziri wa Sheria, kisha wa Mipango ya Uchumi. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mchana mjini Nairobi, alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Alizikwa Rusinga.

Dada yangu aliposikia hayo alinikata kauli. Alisema kwamba Mboya hakuwa mkubwa kwa kukagua vyoo, bali kwa kuacha kuvikagua. Tena, akaongeza, mbona yeye mwenyewe hakuwapeleka wale vijana 81 kusomea ubwana afya?

Nakiri kwamba hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Hofu ya dada yangu ina mizizi mirefu katika nchi hii. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, na ushauri wake ukaegemea elimu ya ukulima na kazi za mikono kwa Mwafrika. Jeanes School ya Kabete, iliyofunguliwa mwaka wa 1925, ilikuwa mmoja wa matunda ya fikira hizo. Wazee wetu wa Kiambu waliutambua mtego: mtoto wa Mzungu afundishwe kutawala, wa Mwafrika afundishwe randa na jembe. Ndiyo maana walichanga fedha zao kujenga shule huru, na chuo cha walimu pale Githunguri mwaka wa 1939, kabla ya serikali ya kikoloni kuvifunga. Ndege za Mboya zilikuwa sehemu ya jibu hilo hilo. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru bila wataalamu wake, na yeye alijua kwamba mlango uliofungwa kwa makusudi ni lazima uvunjwe.

Hata hivyo, nadhani sisi tuliobaki tulilichukua jibu la mwaka wa 1959 tukaligeuza kuwa dini. Tuliona shahada tu. Hatukuona kwamba mtu aliyezitafuta nafasi zile hakuwa na shahada ya kusomea. Chuo Kikuu cha Howard ndicho kilichomtunuku ya heshima. Leo kuna chuo kikuu chenye jina lake huko Homa Bay, na ni vizuri. Lakini kuna pia Chuo cha Leba cha Tom Mboya, Kisumu, kilichokusudiwa wafanyakazi, na sina hakika ni wazazi wangapi wanaokikumbuka wakitaja jina hilo.

Maisha yake yananifunza kwamba dhuluma haikuwa katika kujifunza kazi ya mikono. Ilikuwa katika mambo mawili: ujira wa sehemu moja kwa tano, na ngazi iliyokatwa ili mwenye cheti cha kazi asipande tena. Mboya alipambana na la kwanza kwa chama, na la pili likaondoka alipokutana na chuo kilichomkubali jinsi alivyokuwa. Kazi yenyewe haikumpunguza. Aliijua mitaa ya Nairobi kwa sababu aliwahi kuikagua mmoja mmoja. Alipozungumzia nyumba mbovu na maji machafu hakuwa akikariri taarifa ya karani.

Basi nikitazama hapa kwetu, kutoka mitambo ya chuma ya Ruiru hadi viwanda vya vyakula na nguo vya Thika, sioni uhaba wa kazi inayotaka ujuzi. Naona majumba yakiota kila ploti, nayo yanataka nyaya, mabomba na lifti. Ninachokiona pia ni fundi stadi anayelipwa kibarua mwaka baada ya mwaka, na msichana mwenye cheti cha umeme anayeulizwa ni nani aliyemtuma. Tukizigawa njia tatu kisha tukaiacha hali hiyo ilivyo, tutakuwa tumejenga upya ile nyumba ya mwaka wa 1924: watoto wa maskini karakanani, watoto wa wenye nacho kwenye sheria na udaktari. Mboya alikwenda kwenye ubwana afya kwa kukosa karo. Tusimsifu umaskini kwa sababu mtu mmoja alitoka ndani yake akiwa hai.

Sasa niseme ile aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu mwenyewe alinijia akiwa na fomu ya kujiunga na chuo cha ufundi, asomee mabomba. Niliichana mbele yake. Nilimwambia kwamba sikuhangaika kumsomesha ili aje ashike spana. Alinitii, akasoma biashara katika chuo kikuu, akahitimu, na picha yake ya joho ninayo sebuleni. Alitembeza vyeti maofisini miaka minne. Leo anajifunza mabomba kwa fundi mmoja wa mtaani, akiwa mtu mzima mwenye mke, bila cheti, bila mwalimu wa hesabu za shinikizo la maji, na kwa ujira wa msaidizi. Hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Dada yangu alinyamaza niliposema hayo, maana alikuwa hajui habari ya fomu. Kijana wake akaniuliza, kwa adabu, kama akichukua umeme sasa atafungiwa chuo kikuu baadaye. Nilimjibu kwamba hilo ndilo swali lenyewe, na kwamba tutakwenda pamoja shuleni, mama, mwana na mjomba, tuliulize. Tutauliza pia kama karakana ina vifaa au ina jina tu, na kama yupo mwalimu wa kuwafundisha. Majibu yakiwa mabaya, tutayasema kwa sauti, kama Mboya alivyoyasema ya mshahara wake.

Wazazi wenzangu wa Thika na Ruiru, shime tuyaulize maswali hayo kabla ya kuwakataza watoto, na kabla ya kuwaruhusu. Dada yangu bado hajakubali. Lakini Jumatatu amesema atakuja, na ameomba tupitie kwanza kwa mwanangu, amwone akifanya kazi.