Sayyid Said bin Sultan na Wanawe wa Pwani Mbili

Sayyid Said bin Sultan, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Samail mwaka 1791, akashika utawala wa Oman mwaka 1806. Alipohamishia makao yake Unguja, alimwacha mwanawe Thuwaini amshikie Maskati. Tokea hapo bahari ikawa baina ya baba na mwana. Safari zilifuata msimu: kaskazi huwapeleka watu Unguja na kusi huwarejesha Oman, na jawabu ya barua ilingojwa miezi.

Hata hivyo Sayyid hakuikata njia. Mara ya mwisho alikaa Oman tokea 1854 hadi 1856, naye amekwisha pita miaka sitini. Katika kurejea Unguja alishikwa na maradhi, akafariki marikebuni tarehe 19 Oktoba 1856. Barghash alikuwa naye; Thuwaini yuko Maskati, Majid yuko Unguja. Amri ya kurithi nchi nzima haikuwa wazi, na ndugu wakagombana hata Waingereza wa India wakaingia kati. Mwaka 1861 waliamua Majid abaki Unguja, amlipe Thuwaini riali 40,000 kila mwaka.

Basi na wazingatie walio mbali na wazazi wao. Leo ndege huvuka bahari hiyo kwa saa chache; fedha za kila mwezi haziondoi haki ya mzee ya kuzuriwa. Na mzee naye ausie mapema, mbele ya wanawe wote. Bahari humzuia mwana kufika maziko ya babaye, wala haimzuii kugombana na nduguye.