Mtoto wa Misheni Aliyechimba Olduvai

Masomo: Mwanzo 1:1 hadi 2:4, Zaburi 90, 1 Petro 3:15

Wiki hii nawaletea maisha ya Louis Leakey. Wengi wetu tulikutana na jina lake darasani, kwenye sura ya historia ya binadamu wa kale, na mtihani ulipoisha tukamsahau. Lakini swali lake limerudi. Wazazi hapa Keroka wananiuliza: mtoto akija nyumbani na habari ya fuvu la karibu miaka milioni mbili, na sisi kanisani tumezoea kusema dunia ina miaka elfu sita, tumjibu nini? Nimeona nijibu kupitia maisha ya huyu mtu, kwa sababu alitoka katika nyumba ya injili.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, kwenye misheni ya Kianglikana. Baba yake, Canon Harry Leakey, ni mmoja wa waliofanya kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Louis alikua akiongea Kikikuyu kama mtoto yeyote wa pale, akapitia jando na rika lake. Akiwa mvulana aliokota mawe meusi yaliyochongwa, akayapeleka kwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, akaambiwa ni kweli, hizo ni zana za watu wa zamani sana.

Hata hivyo mpango wake ulikuwa kuwa mmishonari. Alienda Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922 akiwa na nia hiyo. Mwaka 1923 aliumia kichwa akicheza raga, akaambiwa apumzike masomo. Badala ya kukaa bure, mwaka 1924 alijiunga na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, Tanganyika. Aliporudi chuoni, moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye uchimbaji.

Mwaka 1931 aliingia bonde la Olduvai. Mwaka uliofuata alikuwa Kanam, kule kwenye rasi ya Homa, ziwani. Si mbali na sisi: ukishuka kutoka milima ya Kisii kuelekea Homa Bay, uko jirani. Pale kikosi chake kilipata kipande cha taya, naye akatangaza kwamba ni ya binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana. Wataalamu wakamsifu. Lakini mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Profesa Boswell, alikuja kukagua. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyoweka vilikuwa vimeng'olewa, na picha moja aliyoitegemea ikaonekana ni ya mahali pengine. Boswell akaandika hayo katika jarida la Nature, na jina la Leakey likachafuka.

Mimi nilisomea biashara, na hapo namwelewa mkaguzi. Unaweza kuwa na pesa kweli, lakini kama huna risiti, hesabu yako haipiti. Katika miaka hiyohiyo alimwacha mkewe Frida na watoto wawili wadogo, akaoa Mary mwaka 1936. Sisi watu wa kanisa hupenda kumkemea kwa ajili ya mifupa. Mimi naona jambo zito zaidi mbele za Mungu lilikuwa hilo la nyumbani, nalo halihitaji mtaalamu wa miamba kulikagua.

Huyo Mary ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus, tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini. Mwaka 1961 wanasayansi walipima majivu ya volkano ya pale wakapata kama miaka milioni 1.75. Kipimo chenyewe si uchawi. Mwamba ukiwa moto na kuyeyuka, gesi ya argoni hutoka. Ukishapoa, potasiamu iliyo ndani hugeuka argoni polepole, kwa kasi inayojulikana. Ni kama akaunti iliyofunguliwa na salio sifuri: ukijua riba na ukiona salio la leo, unajua imekaa miaka mingapi. Ndugu wanaopinga kipimo hicho hugusa hapo hapo: je, salio lilianza sifuri kweli, na riba haikubadilika? Ni swali halali. Wanasayansi nao hulijibu kwa kupima tena kwa njia nyingine.

Sasa turudi kwetu. Ile miaka elfu sita ilitoka wapi? Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, mwaka 1650, alijumlisha umri wa mababu na miaka ya wafalme, akafika kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Kuanzia 1701, Biblia za Kiingereza zikachapa mwaka huo pembeni mwa ukurasa, na watu wakausoma kama andiko. Ussher alikuwa msomi makini. Lakini hebu fungua Mathayo 1:8, kisha 1 Mambo ya Nyakati 3:11 na 12. Mathayo anatoka Yoramu hadi Uzia, akiwaruka wafalme watatu. Hajakosea, maana ukoo kwa Kiebrania unaweza kuruka vizazi. Ila ukijumlisha orodha inayoruka, jumla yako itakuwa pungufu.

Tazama pia neno siku. Katika Mwanzo 1 jua linawekwa siku ya nne. Katika Mwanzo 2:4, siku moja inabeba kazi yote ya uumbaji. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Darwin, alishasema siku zile si lazima ziwe kama zetu. Kwa hiyo si wanasayansi waliotufundisha kuuliza.

Najua hapa Gusii jambo hili lina uzito. Majirani zetu Waadventista wanasimamisha Sabato juu ya siku sita halisi, na hata humu kanisani wengi mnaamini hivyo. Siwaondoi hapo. Anayeamini siku sita za saa 24 ni ndugu yangu, na anayeamini dunia ni ya kale sana ni ndugu yangu. Jambo ambalo siwezi kuliachia ni hili: Mungu ndiye aliyeumba, mwanadamu ana mfano wake, sisi sote tulianguka katika Adamu, na Kristo alikufa akafufuka. Umri wa dunia haumo katika masharti ya wokovu, na hakuna mtumishi aliyepewa ruhusa ya kuuongeza.

Leakey mwenyewe alisema wazi kwamba haoni ugomvi kati ya Biblia na alichochimba. Ugomvi aliuona katika namna watu wanavyosoma. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Mambo ya moyo wake tunamwachia Bwana. Lakini mwaka 2006, viongozi wa kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walipopinga namna makumbusho ya Nairobi yangeonyesha mifupa ya Kijana wa Turkana, nchi nzima ilibishana, na vijana wetu walikuwa wakisikiliza. Kijana akiambiwa achague kati ya shule na Yesu, wako watakaochagua shule, kumbe hakuna andiko lililowalazimisha kuchagua.

Basi mzazi, mtoto akileta swali hili mezani, usimfokee. Fungueni Mwanzo pamoja. Tenganisha lililoandikwa na lililojumlishwa na watu, umwonyeshe kigingi kiko wapi. Na usipojua jibu, Petro alituagiza kujibu kwa upole. Njoo naye Jumatano baada ya ibada, tutakaa tusome. Mungu awabariki.