Imamu Abu Hanifa: Muuza hariri aliyeipa ada ya wafanyabiashara nafasi katika sheria

Shukurani zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na mali za watu na kuzirejesha kwa uaminifu. Ziwafikie pia aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, jina la Imamu Abu Hanifa (Mwenyezi Mungu amrehemu) si geni kwetu. Lakini sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafii, humtaja kwa heshima kisha tukapita. Leo tumeona tusimame naye kidogo, tuutazame upande wa maisha yake usiozungumzwa sana misikitini. Mwanachuoni huyu alikuwa mwenye duka, na duka lile lilimfunza mengi kuhusu sheria.

Tunalileta jambo hili kwa kuwa lina uzito majumbani mwetu. Familia nyingi za Waislamu zinaishi kwa kuagiza bidhaa Dubai, Guangzhou au Istanbul. Baba hutia saini karatasi asiyoisoma, na mtaji wa nyumba nzima ukapanda meli. Likitokea la kutokea, ndipo anapotambua kwamba ipo sheria iliyokuwa ikimhusu muda wote, naye hakuijua.

Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa mwaka 80 Hijria (699 Miladia) katika mji wa Al-Kufa, nchini Iraq, katika ukoo wenye asili ya Uajemi. Al-Kufa ulikuwa mji wa majeshi, wa wanachuoni na wa soko. Waarabu, Waajemi na watu wa mataifa mengine walikutana hapo, kila mmoja na lugha yake na mazoea yake ya kuuza na kununua. Kijana Nu'man alikulia katika biashara ya nguo, hasa kitambaa kilichofumwa kwa hariri na sufi kilichoitwa khazi. Inasimuliwa kwamba mwanachuoni mkubwa wa mji ule, Al-Sha'bi, alimwona akipita kuelekea sokoni, akaitambua akili yake, akamhimiza aelekee kwenye vikao vya elimu.

Nu'man aliusikia wosia huo, wala hakulifunga duka. Alijiunga na darasa la Hammad bin Abi Sulayman, akadumu naye takriban miaka 18, mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 120 Hijria. Hapo akaketi mahali pa mwalimu wake. Biashara ikaendelea kwa mikono ya washirika aliowaamini, na faida yake ikamtosha yeye na wanafunzi wake mafukara. Mmoja wao alikuwa Abu Yusuf, kijana wa nyumba maskini ambaye wazazi wake walitaka aache masomo akatafute riziki. Imamu alimpa fedha kila alipoona zimemwishia, bila ya kungoja aombe.

Visa vya uaminifu wake sokoni ni vingi, nasi tutavitaja viwili. Siku moja alimpelekea mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman, shehena ya nguo, akamweleza kwamba moja kati yake ina kasoro na kwamba ni lazima mnunuzi aelezwe. Hafs akasahau, akaiuza bila ya kusema, wala hakumkumbuka aliyeinunua. Imamu alipopata habari, aliitoa sadaka fedha yote ya mauzo yale, si ya nguo ile moja peke yake. Siku nyingine alijiwa na mwanamke aliyetaka kuuza nguo ya hariri kwa dirham 100. Imamu akamwambia kwamba thamani yake ni zaidi. Mwanamke akapandisha bei mara kwa mara hadi 400, na Imamu bado akasema ni zaidi. Mwanamke akadhani anafanyiwa mzaha. Akaletwa mtu wa kuithamini, na mwisho nguo ile ikanunuliwa kwa dirham 500.

Kwa mfanyabiashara wa aina hii, soko halikuwa pango la wezi linalongoja kufundishwa adabu na wanachuoni. Aliona kwamba wafanyabiashara waaminifu, kwa kuishi pamoja miaka mingi na kupokezana mali kutoka miji ya mbali, walikuwa wameshajiwekea kanuni zao. Hakuna mfalme aliyezitunga. Zilizaliwa na haja, zikathibitishwa na mazoea, na aliyezivunja alipoteza jina lake sokoni. Wanachuoni wanayaita mazoea haya urfu, yaani ada inayotambulikana. Wataalamu wa leo huyaita sheria ya wafanyabiashara.

Tutazame mifano. Mtu anamwendea fundi na kumwagiza kitu ambacho bado hakijatengenezwa, kama viatu au chombo cha shaba. Kwa kipimo kikavu, hiyo ni bei ya kitu kisichokuwepo, na asili yake haifai. Hata hivyo Abu Hanifa na wanafunzi wake waliikubali, kwa kuwa watu waliizoea kizazi baada ya kizazi na hakuna aliyewakataza. Mwanafunzi wake mmoja, Zufar, alishikamana na kipimo na kupinga. Mkataba huu unaitwa istisna'a. Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, liliukubali kuwa mkataba unaowafunga pande zote mbili masharti yake yakitimia. Leo ndio unaotumika kujengea majengo na kuundia meli kwa fedha za benki za Kiislamu.

Mfano wa pili ni bei ya salam, ambapo mnunuzi hutanguliza fedha na mali huja baadaye. Imamu alishurutisha mambo mengi yabainishwe: jinsi ya mali, aina yake, sifa zake, kiasi chake, muda wake na kiasi cha fedha iliyotangulizwa. Kisha akaongeza kwamba, ikiwa mali ni ya kubebwa kwa gharama, lazima itajwe mahali itakapokabidhiwa. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Al-Hasan Al-Shaybani, hawakuona haja ya sharti hilo, kwani kwao mali hukabidhiwa pale mkataba ulipofungwa. Sisi tunaona hapa sauti ya mtu aliyewahi kulipia ngamia na wapagazi. Alijua kwamba ngano ya mji mmoja si sawa na ngano ile ile katika mji mwingine, na kwamba ugomvi mwingi huzaliwa njiani.

Mfano wa tatu ni mudharaba, ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi. Je, aliyepewa mtaji bila ya masharti anaruhusiwa kufanya nini? Fiqhi ya Kihanafi imeyarejesha majibu kwa wafanyabiashara wenyewe: ana ruhusa ya kufanya yale wanayoyafanya wao, kama kusafiri na mali, kuweka wakala, na hata kuuza kwa mkopo, ila kwa muda usiozoeleka kwao hana ruhusa. Vivyo hivyo katika bei ya murabaha, muuzaji huongeza katika mtaji wake ujira wa dobi, wa mtia rangi na wa mpagazi, kwa kuwa ada yao ni kuhesabu hivyo. Hata hivyo hana ruhusa ya kudai kwamba alinunua kwa bei hiyo. Atasema kwamba mali imemsimamia kwa kiasi hicho, ili asije akasema uongo.

Hapa msomaji ataona mpaka. Ada ilisikilizwa, lakini haikuachiwa kutawala. Soko zima likizoea riba, riba haiwi halali, na wauzaji wote wakizoea kuficha kasoro, kuficha hakuwi ada njema. Kipimo cha juu kilibaki kuwa Qur'ani na Sunna, na ada ikapewa nafasi pale ambapo matini haikukataza.

Ama wafanyabiashara wakigombana, nani ataamua? Kadhi yupo, lakini Qur'ani yenyewe imeelekeza kwamba mume na mke wanaohitilafiana wateuliwe waamuzi kutoka jamaa za kila upande. Kutokana na msingi huo, fiqhi ya Kihanafi iliruhusu wagomvi wawili kumchagua mtu wao awahukumu, na jambo hili likaitwa tahkim. Mtu huyo awe na sifa za kadhi. Kila mmoja ana haki ya kujitoa kabla hukumu haijatolewa, lakini ikishatolewa inawafunga wote wawili. Hukumu atakayoitoa kwa faida ya mzazi wake, mkewe au mwanawe ni batili. Na katika adhabu za hudud na kisasi hapana tahkim. Tukumbuke kwamba Al-Kufa ulikuwa mji ulioonja uchungu wa tahkim, ile iliyofuata vita vya Siffin mwaka 37 Hijria na kuugawa umma. Pamoja na hayo, wanachuoni wake hawakuifunga njia hiyo kwa raia wenye kugombania mali. Waliiwekea masharti.

Maisha ya Imamu yenyewe yanatuonesha kwa nini mwamuzi lazima awe huru. Katika zama za Bani Umayya, gavana wa Iraq, Ibn Hubayra, alimtaka ashike cheo katika utawala wake. Akakataa, akapigwa mijeledi, naye akahamia Makka. Dola ya Bani Abbas iliposimama alirejea Iraq, na Khalifa Al-Mansur akamtaka awe kadhi. Akakataa tena, akatiwa gerezani Baghdad. Wanahistoria wamehitilafiana kuhusu namna alivyofariki, lakini mauti yalimkuta mwaka 150 Hijria (767 Miladia), na akazikwa katika mji huo huo. Mtaa uliozunguka kaburi lake unaitwa Adhamiya, kwa lakabu yake ya Imamu Mkuu. Katika mwaka huo huo ndipo alipozaliwa Imamu Shafii, ambaye baadaye alisoma kwa Al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Kwa hiyo sisi Mashafii nasi tumeyanywa maji ya kisima kile.

Elimu yake haikuzikwa naye. Abu Yusuf, yule kijana fukara, alikuja kuwa kadhi mkuu wa dola katika zama za Harun Al-Rashid. Karne nyingi baadaye, baina ya mwaka 1869 na 1876, dola ya Uthmaniya iliikusanya fiqhi ya Kihanafi ya mikataba katika kitabu cha sheria kilichoitwa Majalla. Humo ada ya wafanyabiashara ilipewa nguvu sawa na sharti waliloliandika wenyewe, na tahkim ikawekewa mlango wake.

Hatudai kwamba Wazungu waliichukua sheria yao ya biashara kutoka kwa Abu Hanifa. Masoko na bandari za Ulaya nazo zilizaa ada zao. Tunachosema ni kwamba haja ya aina moja imeleta jibu linalofanana. Chemba ya Kimataifa ya Biashara iliundwa mwaka 1919, ikaweka mahakama yake ya usuluhishi Paris mwaka 1923. Mwaka 1936 ikatoa Incoterms, yaani maneno mafupi ya biashara yanayoeleza mali inakabidhiwa wapi, nani analipa nauli, na hasara ya njiani inahama lini kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Toleo la mwaka 2020 bado linafuata njia hiyo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa baina ya nchi unawafunga wafanyabiashara kwa ada walizokubaliana na mazoea waliyoyajenga baina yao. Na Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964 na Kenya mwaka 1989, unazitaka mahakama za nchi wanachama kuitekeleza hukumu ya mwamuzi wa nje, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa.

Maana yake ni nini kwa mwenye duka wa Kariakoo au Mombasa? Maana yake ni kwamba zile herufi tatu zilizoandikwa pembeni mwa bei ndizo zinazoamua hasara ni ya nani kontena likizama. Kifungu kidogo mwishoni mwa karatasi, kinachosema mgogoro utaamuliwa katika mji fulani wa mbali, kinaweza kuufunga mlango wa mahakama ya nyumbani. Na hukumu itakayotolewa huko ina nguvu ya kumfuata mpaka kwake. Tumewahi kujiwa na ndugu aliyepokea mali mbovu. Alipofunguliwa kifungu alichokitia saini, alikuta kwamba gharama ya kwenda kudai inazidi thamani ya mali yenyewe. Akasamehe kwa kulazimika, na watoto wake wakalipa kwa ada za shule.

Lau angeyafuata masharti ya Imamu, angeuliza kabla ya kutuma fedha: mali ya sifa gani, kiasi gani, lini, itakabidhiwa wapi, na tukigombana ataamua nani? Mola wetu, katika aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ametuamrisha kuandika deni la muda na kushuhudisha. Kuandika ndiko kuandika, na kusoma kilichoandikwa na mwingine ni nusu ya amri hiyo hiyo. Asiyejua lugha ya mkataba na amtafute anayejua, wala asione haya.

Na upande wa pili, ndugu zangu, tusisahau nguo ile yenye kasoro. Sheria iliyotungwa na wafanyabiashara ina heshima kwa kadiri ya heshima ya wafanyabiashara wenyewe. Soko la waongo litazaa ada za uongo, na hakuna mwamuzi wa kuitakasa. Tuwafundishe vijana wetu wanaoanza biashara kusoma karatasi kabla ya kutia saini, na kuitaja kasoro kabla ya kupokea fedha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abu Hanifa, azibariki chumo zetu na atuepushe na kula mali za watu kwa batili. Amin. Wallahu a'lam.